Vidonge vya Anena

Zéphyrin, Mkongo aliyekuwa akiuza dawa mtaani Kisenyi, ndiye aliyemshika Anena mkono mpaka kliniki ya macho ya hospitali ya Mulago. Mwaka ulikuwa wa sabini na sita. Mumewe Anena, Sajini Oloya, alikuwa kambini, na mwanamke huyo hakuweza tena kuvuka barabara peke yake. Akikutazama usoni, alisema, anaona masikio yako tu; katikati pana moshi.

Muuguzi alimtia matone ya kupanua mboni. Wakangoja. Kisha daktari akazima taa ya chumba, akamsogelea na kurunzi yake ndogo, akachungulia jicho la kulia, la kushoto, akarudi tena kwenye la kulia.

"Mama, umewahi kutumia klorokwini?"

"Ya maumivu ya viungo, daktari. Kila siku. Miaka minne sasa."

"Minne! Hukuambiwa upimwe macho kila miezi sita?"

"Hapana."

Aliyeambiwa ni Zéphyrin, aliyekuwa amesimama nyuma yake. Daktari aliyemwandikia Anena vidonge hivyo, kabla hajakimbilia Nairobi, alipita dukani akasema wazi: usimpe bila cheti cha macho. Mara ya kwanza Zéphyrin alikidai. Oloya akaja mwenyewe, bunduki begani, akauliza ni mkimbizi gani huyo anayemnyima mkewe dawa. Tangu hapo Zéphyrin akawa anafunga vidonge kwenye karatasi bila neno. Hata mwaka jana, Anena alipolalamika kwamba herufi zinamkatikia, alimwambia atafute miwani.

Daktari alieleza taratibu. Dawa imeharibu utando wa nyuma ya jicho, ule unaopokea picha; ameona duara lililochujuka katikati. Vidonge viachwe leo hii. Kilichopotea hakirudi.

"Nani alikuwa akikupa?"

"Watu wa sokoni tu," Anena akajibu haraka.

Zéphyrin angeweza kunyamaza, mambo yakaishia hapo.

"Ni mimi," Zéphyrin akasema. "Na nilijua."

Anena aligeuza uso pembeni ili apate kumwona. "Ulijua hata nilipokuuliza habari ya herufi?"

"Nilijua. Nilimwogopa mzee."

"Oloya hakuwepo siku ile. Tulikuwa mimi na wewe."

Zéphyrin akamnyooshea mkono.

Anena akaukataa mkono wake, akapapasa ukuta wa ujia mpaka nje. Barabarani tu ndipo aliposhika ncha ya shati la Zéphyrin, kwa vidole viwili. Walivuka hivyo, na upande wa pili akaiachia.