Sekela Anakuja kwa Ndege

Tupokigwe wa Mpemba, karibu na Tunduma, alikuwa na desturi yake, na hakuna aliyeweza kumtoa humo. Mtoto akipanda basi Dar es Salaam alfajiri, yeye naye alianza safari jikoni. Basi likiwa Morogoro, anachambua maharage. Likipita Iringa, maharage yako motoni. Makambako ndipo anapochinja kuku, na likishaingia Mbeya anaoga, anavaa kitenge kizuri na kukaa kibarazani kama mtu ambaye hakugusa kazi yoyote.

Siku hiyo aliuhitaji mchana wote huo, na si kwa ajili ya maharage. Miaka miwili nyuma, uwanja wa ndege wa Songwe ukiwa bado haujafunguliwa, mumewe Lwitiko alifariki. Binti yao Sekela alikuta wameshazika, kwa sababu basi liliharibika mlima Kitonga. Kwa uchungu, Tupokigwe alimfokea mbele ya waombolezaji, na kesho yake binti akageuza kurudi Dar. Kibaya zaidi, Lwitiko alikuwa amemwachia Sekela neno, na Tupokigwe alilimeza. Leo alitaka kulitoa. Mzazi kumwangukia mtoto si jambo la kukurupuka. Alipanga hadi kufika Makambako awe amepata pa kuanzia.

Simu ikalia. "Mama, ndiyo tunapanda ndege," Sekela alisema, kisha ikakatika.

"Baada ya saa moja na nusu tu anatua Songwe," alisema Gwamaka, kaka yake Sekela, akichukua funguo za gari aliloazima. "Naenda kumpokea."

"Usinichezee akili, Gwamaka. Dar imesogea lini?"

"Haijasogea, mama. Ndege haizunguki milima, inakata moja kwa moja. Mimi na malori haya ya Tunduma ndio tutakaochelewa."

Mama alimcheka. Alijua ndege inawahi, lakini kichwani mwake kuwahi kulikuwa kufika kabla jua halijazama. Kwa hiyo akaenda bustanini, akapiga soga na jirani yake Ferista, akarudi polepole. Kwa hesabu yake, ndiyo kwanza Morogoro.

Gari liliposimama uani, alikuwa ameketi jikoni na ungo mapajani, kitenge cha shambani kiunoni, na kuku bado anajitembelea nje. Sekela alisimama mlangoni na begi dogo. Hakuvuka kizingiti.

"Shikamoo, mama."

Tupokigwe akatafuta maneno yake. Hayakuwepo, yalikuwa bado njiani. Alimpenda mtoto huyu kupita kiasi, na alimwogopa.

"Marahaba. Sijajiandaa, mwanangu."

"Nisubiri nje?"

"Usiende popote." Akasogea, akampa nafasi kwenye mkeka. Sekela aliketi, na bila kuambiwa akaanza kuchambua maharage, mawe huku, mbegu kule. Mama akavitazama vile vidole. Vilikuwa vidole vya Lwitiko kabisa.

"Baba yako alikuulizia," alisema. "Alisema ukifika tusikugombeze. Alisema, mwacheni mtoto, ni mbali."

Vidole vikasimama. "Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo. Mimi ndiye niliyekunyima. Nisamehe, mama."

Sekela akauondoa ungo taratibu, akalaza kichwa pale mapajani kwa mama yake, akamlilia baba yake kilio ambacho siku ile hakuruhusiwa kulia.