Jua la Saa Mbili Asubuhi

...au mwavuli mweupe mbele ya taa, hapana, mwavuli unatawanya mwanga ovyo na jua halina tabia hiyo, jua linatoka mahali pamoja tena mbali, basi boksi la kitambaa, laini, mashavu yatajaa kidogo... na mpiga picha alisimama katikati ya studio yake, boksi mkono huu, bakuli la chuma la kuvalisha taa mkono ule, kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa, huku dada yake ameketi kwenye stuli, kilemba kimekazwa vizuri, akisema picha watakayobaki nayo watoto wake iwe ya nje, ya juani... watakayobaki nayo, alitamka hivyo kama anayeagiza chumvi, na mpiga picha hakuhisi kitu, tangu daktari aseme dada amebakiza labda miezi mitatu hajahisi kitu, anapima mwanga kwa mita tu, taa ikiwa karibu shavu linawaka na bega linazama gizani, kila mtu atajua ni taa, lazima irudishwe hadi ukutani, ipandishwe juu, iwekewe karatasi ya njano, hapo ndipo litapatikana jua la saa mbili asubuhi, lile la uani walipokuwa wakianika nguo na dada akimrushia povu la sabuni, jua ambalo sasa dawa zimemkataza dada, dakika tano tu ngozi inababuka... "Unanisikia lakini?" nakusikia, dada, "Nasema usinilainishe, nakujua wewe, maharusi wako wote wanatoka kama wamepakwa unga," akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi, na ni kweli, miaka kumi na minane kila jua alilotengeneza alilitangulizia kitambaa, wateja wakasifu, ila jua halimhurumii mtu, linachora mashimo ya mashavu, mfupa wa shingo, kivuli kikali chini ya pua, na bila hayo watoto watamkumbuka nani, mwanamke fulani mnene ambaye hakuwahi kuwapikia huku amejishikiza ukutani... bakuli basi, tupu, bila kitambaa, halafu atalazimika kumtazama hivyo alivyo, kwa jicho moja kwenye kamera, bila kupepesa, na hapo akajua kwamba watoto hata hawakuhusika, ni yeye aliyekuwa akijificha nyuma ya kitambaa, yeye mdogo mtu, anayeogopa kubaki bila dada, anaogopa vibaya sana, "We, mbona umeganda? Washa hilo jua, mdogo wangu, mgongo unaniuma," na yeye akasema ngoja, dada, ngoja kidogo, nalitengeneza, bila kusogea hata hatua moja, kwa sababu alikuwa analia.