Vichwa vya Tundu Dogo

Pikipiki ya marehemu baba ilikuwa na silinda mbili na watu wawili walioigombania: mimi na baba mdogo. Vichwa vya injini vilipopasuka karibu na plagi, baba mdogo alijitia kusikitika, lakini macho yalimsaliti. Alishampata mwenye hoteli aliyetaka kuisimamisha ukumbini ing'ae, wageni waipige picha. Yaani mashine iliyozunguka nchi nzima iwe pambo la mapokezi! Nikasema haiendi.

"Basi ifanye itembee," akasema. "Ikipanda mlima wa tangi la maji na watu wawili, kama kaka alivyokuwa akimpakia mama yako, ni yako. Ikizimika njiani, naipeleka hotelini. Na usinililie."

"Lini nimewahi kukulilia, baba mdogo?"

Mama alikuwa akikunja nguo kwenye kochi. "Nimewasikia nyote wawili," akasema, bila kuinua kichwa.

Dukani tulikwenda pamoja, eti nisije nikapunjwa. Baba mdogo ana gereji ya pikipiki za mbio, na haki yake tumpe, ni fundi. Muuza vipuri alitandika gazeti kaunta na kuweka jozi mbili za vichwa. Jozi ya kwanza, matundu ya kuingizia hewa yalikuwa makubwa, yamesuguliwa hadi ungeweza kujitazama ndani yake. Ya pili ilikuwa na matundu membamba, hayana mng'ao wowote, ila chumba cha kuwakia mafuta kilikuwa kidogo na kimechongwa vizuri. Hicho kingeibana hewa sawasawa.

"Hii ya kwanza," akasema baba mdogo. "Tundu kubwa, nguvu kubwa. Nani asiyejua?"

Mimi. Uwanjani, injini inapozunguka kwa kasi muda wote, tundu kubwa ni sawa. Lakini mlimani, ukiwa na mzigo, injini inazunguka polepole na hewa inapita humo kivivu. Bana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole gumba, uone maji yanavyoruka.

"Naomba hivi vya tundu dogo."

Muuza vipuri akacheka. "Dada, hivyo huchukuliwa na waliokosa vile."

"Leo vimepata anayevitaka."

"Sikio la kufa halisikii dawa," akasema baba mdogo.

"Sikio lenyewe ni langu."

Nikaomba mafuta ya taa, nikavigeuza vichwa na kumimina ndani kidogo, nione kama valvu zinavuja. Kimoja kilishika vizuri. Cha pili kikadondosha tone kwenye valvu, na baba mdogo akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nilivichukua hivyo hivyo. Nyumbani niliisaga ile valvu kwenye kiti chake, pale inapokalia, fimbo ya kusagia ikizunguka kati ya viganja hadi vikawaka moto. Nilikuwa na hasira, na hasira inasaga vizuri kuliko mashine. Nilipomimina tena, hakikuvuja.

Siku ya mlima nilipiga kiki, ikawaka. Mama akasogea, tayari kupanda nyuma.

"Wewe, shemeji, ni mwepesi," akasema baba mdogo. "Atakayepakiwa ni mimi."

Baba mdogo si mtu mwepesi. Mama akaanza kumjia juu, nikamwambia, "Mwache apande." Springi za kiti zikalia.

Kwenye kona ya mwisho, mlima unaposimama wima, sauti ya injini ikashuka. "Bana klachi!" akapiga kelele sikioni mwangu. "Itazimika!" Sikuigusa klachi. Niliogopa, sikatai, lakini mkono wangu ulitulia. Injini ikanguruma kwa uzito na kuendelea kuvuta, taratibu, kama mtu anayejua anakokwenda. Kelele za nyuma zikakoma, zikabaki tu ngumi mbili zilizokamata koti langu.

Penye tangi nikasimama bila kuzima. Baba mdogo akashuka, akainama kuvitazama vile vichwa.

"Kaka naye alipenda matundu madogo," akasema polepole. "Nilimcheka hivi hivi."

Nikaupapasa usukani.

"Haya, ni yako. Nirudishe basi, jua kali."

"Tulikubaliana kupanda, baba mdogo. Kushuka hatukukuzungumzia."

Nikaigeuza pikipiki. Mama alikuwa amesimama kule chini, na kiti cha nyuma kilikuwa chake.