Mkono wa Gauni Shingoni

Bibi fundi cherehani alishona mkono wa gauni la mteja shingoni, kisha akasinzia juu yake. Bintiye akafunga cherehani na kutia ufunguo mfukoni.

"Mama, huo ni uzee. Tuiuze hii cherehani."

Bibi alijiona kama amekatwa mikono. Akaomba kwanza wapite kwa mfamasia.

"Shikamoo bibi. Unameza dawa gani?" mfamasia aliuliza aliposikia kisa.

"Marahaba. Vidonge vya manjano, vya mafua. Mwezi wa pili huu, kutwa mara tatu."

"Basi mchawi ndiye huyo! Mishipa ya damu ya ubongo, bibi, kuta zake zimebana kama mshono wako; vitu vingi havipenyi. Hivi vidonge hupenya, vikausinziza ubongo na kuuvuruga. Acha hivyo, chukua hivi vingine. Hivi kwa sehemu kubwa hubaki nje ya ubongo."

Baada ya wiki mbili akili ilirudi, na ulimi haukubaki nyuma. Bintiye akaja na ufunguo, kichwa chini.

"Mama, unanikumbuka?"

"Nikusahau vipi, muuza cherehani? Kaa hapo, ufumue huo mkono shingoni."