Majivu kwenye Gogo la Mparachichi

Wahenga walisema mengi, lakini kuhusu gogo bovu walinyamaza, na hilo Consolatha hatawasamehe.

Binti huyu wa kidato cha tatu alikuwa na kesi. Muhula uliopita alimpelekea Mwalimu Ferdinand wa biolojia mdudu adimu kupita wote: punje ya kahawa iliyobandikwa miguu sita ya panzi kwa gundi. Mwalimu alimtumia kufundishia darasa zima kwa dakika ishirini, mpaka mguu mmoja ukadondoka. Jina la Consolatha likakatwa kwenye orodha ya wanaokwenda Bukoba kwenye maonyesho ya sayansi.

Sasa, likizoni kwa bibi yake Leonsia huko Murusagamba, akapata mdudu wa kweli. Chini ya gamba la mparachichi ulioanguka miaka mitatu iliyopita waliishi mbawakawa wadogo kuliko punje ya ulezi, wekundu kama chai, vipapasio vimevimba nchani kama rungu. Hata kitabu cha shule hakikuwajua. Akampigia mwalimu simu, akaapa, akabembeleza. Mwalimu alikubali kuja Ijumaa kwa sharti moja: yeye mwalimu amtoe mdudu huyo mtini kwa mkono wake mwenyewe, mdudu akiwa hai. Akimkosa, Bukoba isahauliwe.

Consolatha akamsihi bibi asilichanje gogo lile kuwa kuni, alilinde kwa moyo wote, maana lina wadudu. Ijumaa akaenda barabarani kumpokea mgeni.

Waliporudi, gogo lilikuwa jeupe kama uji. Bibi Leonsia alisimama kando na ndoo ya majivu, uso umejaa fahari. Tangu aolewe, maharage yake hayajawahi kuliwa na fukusi, na dawa ilikuwa hiyo hiyo: majivu makavu, yaliyochekechwa, yakapenya kila ufa.

Mwalimu akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba. Consolatha akalikimbilia gogo.

"Bibi, umewaua."

"Wote," bibi akasema kwa upole. "Kwani ulitaka wale gogo lako?"

Akafungua fundo la kanga yake. Ndani mlikuwa na mbawakawa tisa, wamekufa kwa utaratibu. Alikuwa amewapepeta kwenye ungo ili mjukuu aone kazi imefanyika. Mwalimu akatoa lenzi, akavuta mguu wa mmoja, akavuta na wa pili.

"Huyu hana gundi," akakiri. "Lakini nilisema akiwa hai. Na bodaboda inanisubiri."

Consolatha akakumbuka kwamba mgongo wa bibi haujainama vizuri tangu masika. Akalala kifudifudi kwenye matope na sketi yake ya shule, akapitisha kisu chini ya gogo, mahali ambapo mkono wa mwanamke mwenye kiuno kibovu usingefika. Gamba likabanduka. Hapakuwa na majivu. Punje moja nyekundu ikatembea.

Mwalimu akapiga magoti kwenye matope yale yale, bila kujali suruali yake, akaichukua kwa kidole. Ikamtembelea kiganjani bila haraka, miguu yote sita ikiwa mahali pake. Akatoa daftari, akaandika jina la Consolatha kwa herufi kubwa.

"Mwalimu," bibi akasema akiinua ndoo, "mmoja huyo amebaki mkononi mwako."

Consolatha akaipokonya ndoo, akaikalia, na hakuinuka mpaka bodaboda ilipopotea migombani.