Ufa Shingoni mwa Mtawala

Apollonia aliopoa sarafu moja kutoka kwenye sufuria ya kung'arishia fedha, yenye maji ya chumvi na machicha ya mvinyo, akaifuta kwa aproni, akashtuka. Shingoni mwa picha ya Mtawala palikuwa na mstari, mwembamba kama unywele. Jana haukuwapo.

Alimpelekea mumewe, Veit, mchongaji wa mihuri ya chuma inayogongwa juu ya fedha.

"Muhuri umepasuka," Veit alinong'ona.

Katika mji ule wa migodi, picha ya Mtawala ilikuwa Mtawala mwenyewe. Mwaka juzi mlevi mmoja aliitemea mate, akachapwa viboko sokoni. Basi wakamwendea Bwana Lorenz, msimamizi wa nyumba ya sarafu, aliyesimama kati ya wagonga nyundo.

"Tusimamishe kazi, Bwana, nichonge mwingine."

"Sarafu hizi ni za harusi ya binti wa Mtawala Jumapili, wewe unaniletea habari za unywele!" Lorenz alicheka. "Kwenye karamu watu watakagua bia, si shingo. Gongeni!"

"Usipoziba ufa, Bwana..." Apollonia alianza.

"Nitajenga ukuta, najua. Nitaujenga baada ya harusi. Nenda kafue sarafu zako, mama."

Nyundo zikaendelea, na ufa nao haukulala. Kufikia Ijumaa mstari uliweza kupapaswa kwa kidole. Apollonia alizisugua sarafu kwa mchanga hadi kucha zikatoka damu, wapi! Masanduku ya sarafu yakapelekwa ngomeni kwa Mtawala.

Jumamosi mchana kengele za kanisa zililia polepole, si kwa mlio wa harusi. Muuza mikate alichungulia dirishani, hana rangi usoni.

"Mtawala kaanguka farasini! Kavunjika shingo!"

Nyundo zilinyamaza. Lorenz alitoka chumbani mwake, kofia mkononi. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomtisha Apollonia.

"Veit, ndugu yangu. Kwa nini hukuniambia muhuri umepasuka?"

"Nilikwambia, Bwana. Ukasema tugonge."

"Mimi?" Lorenz aliwageukia wagonga nyundo. "Kuna aliyenisikia?"

Wote walitazama viatu vyao.

"Mimi nilikusikia!" alisema Apollonia.

"Wewe ni mkewe, mama. Ungesema nini kingine?"

Kwato za farasi wa askari wa ngomeni zilisikika uani. Lorenz akaenda kufungua mlango mwenyewe. Wagonga nyundo wakajisogeza ukutani, mmoja baada ya mwingine, hadi Veit akabaki peke yake katikati ya sakafu. Apollonia aliiacha sufuria ikichemka, akaenda kusimama ubavuni mwake, mikono yake ingali ikidondosha maji ya chumvi.