Treni ya Sekunde Kumi

Mwaka jana Germaine alianguka Exetat, ule mtihani wa taifa, kwa asilimia moja tu. Shangazi yake wa Kaniama akatuma neno: akianguka tena, aje kulima mahindi, mambo ya shule basi. Kwa hiyo kila alasiri alikaa barazani na daftari la fizikia, anapambana na hesabu moja.

Treni inakwenda kilomita hamsini na nne kwa saa. Dereva anafunga breki, treni inasimama baada ya sekunde kumi. Imekwenda mita ngapi? Alipata sabini na tano, na mwalimu Kabasele akasema ni sawa kabisa. Tatizo lilikuwa baba yake.

Papa Ngalamulume alikuwa ameendesha treni miaka thelathini na moja, na mtu wa namna hiyo humwonyeshi treni ya karatasini akakaa kimya. Alicheka mpaka akakohoa. Sekunde kumi ni za kushika mpini wa breki tu, akasema. Ukiwa na mabehewa ishirini ya mahindi nyuma yako, utasimama huko mita mia sita, na umshukuru Mungu.

"Ule mwenye kuandika ile hayapandaka mashini ya treni hata siku moya," akamalizia.

Germaine akarudi kwa Kabasele, kichwa kinamzunguka. Kabasele akamwambia treni ya fizikia ni nukta: haina mabehewa, haina mzigo, wala reli zake hazilowi mvua. Sasa nukta inafunga breki gani? akajiuliza Germaine. Alimwamini mwalimu, alimwamini baba, na kuwaamini wote wawili kwa pamoja kulimvuruga akili.

Siku ya mtihani swali likaja, tarakimu tu zimebadilishwa: kilomita sabini na mbili, sekunde zilezile kumi. Alipiga hesabu, akapata mita mia moja. Jibu hilo lilikuwepo kati ya matano ya kuchagua, la kwanza kabisa. La tano lilisema hakuna jibu sahihi. Kalamu ikasita. Mita mia moja, kwa mwendo huo? Si mabehewa yangepandana! Akaona vibaya kumfanya baba yake mwongo kwa ajili ya diploma. Akatia alama kwenye la tano, na kwa dakika nzima alijiona shujaa.

Nje, wenzake wote walikuwa wakisema mia moja. Wote, hata Papy aliyesinzia darasani mwaka mzima.

Baba yake alikuwa anangoja getini, amevaa shati lake la kanisani. Germaine akamweleza swali, kisha jibu alilochagua, akitumaini kwamba yeye angalau atafurahi.

"Ulipashwa kuandika mia moya, mama," mzee akasema polepole. "Minyi nilikuwa nakuelezea tu kazi yangu."